Ngolo Kumi na Mbili Ufukweni

Jumamosi, 3 Oktoba

Nimefika Mbamba Bay salama. Nimeshuka na kiroba cha maharage, kilo mbili za kahawa na moyo uliotubu. Maharage na kahawa vimepokelewa. Moyo bado unasubiri.

Niandike wazi, maana shajara haina mama mkwe. Mke wangu Otilia aliondoka Matiri miezi miwili iliyopita, akarudi kwa mama yake huku ziwani. Sababu: godoro. Kahawa ilikuwa imetoka kuoshwa, vichanja vimejaa, manyunyu yanatishia. Godoro jipya la Otilia liko chumbani, kavu, pana, limeinuka kutoka sakafuni. Nani asingeanika hapo? Godoro likanywa maji yote. Likachacha. Otilia alilisubiri miaka sita, akalilalia siku tisa. Hakupiga kelele. Alifunga begi tu. Angepiga kelele ningejua pa kuanzia.

Nimenunua jingine. Liko nyumbani, bado ndani ya nailoni yake. Sijalikalia hata kidogo. Nimewaeleza hilo Otilia na mama yake mara tatu leo.

Mama mkwe, Mama Getrude, ana miaka sitini na sita na ndiye mwenyekiti wa kamati ya ufukwe. Wageni wote wanaovuka kwenda Kisiwa cha Mapukila hupita mikononi mwake. Nimemwamkia kutoka hatua kumi, kama inavyotakiwa. Kwetu na kwao ni kitu kimoja: mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali sahani moja, na Mungu apishe mbali asimwone kifua wazi. Ameitika marahaba huku akiangalia kuku.

Kisha hukumu. Nikae wiki nzima. Nisaidie kazi za kisiwani. Nifuate kila kanuni iliyo kwenye ubao. Nisiseme uongo hata mmoja, nisilete ujanja wowote. Nikishinda, Jumamosi ijayo Otilia anarudi nami Matiri. Nikishindwa napanda basi peke yangu. Nimeapa, mkono juu.

Hapo akaingia Kilian. Huyu amemwoa Rosina, mdogo wake Otilia. Ana boti ya injini, ana mabega, na ana cheti cha uokoaji alichokitia kwenye fremu. Akaniuliza mbele ya wote kama najua kuogelea. Nikasema najua tangu utotoni.

Dakika nne baada ya kiapo. Mto wetu wa Matiri unanifika magotini.

Jumapili, 4 Oktoba

Ibada kwanza. Wao ni Waanglikana, mimi Mkatoliki, lakini mtu aliyeachiwa nyumba tupu hachagui dhehebu. Nimeimba kwa sauti kuliko kwaya. Mama mkwe aligeuka mara moja. Sijui kama ni kwa kupendezwa.

Mchana tukavuka na wageni wanne, walimu kutoka Songea. Kabla ya boti kuondoka Kilian huwapanga watu mchangani na kuwasomea ubao wa kanuni kama katekista. Nimezinakili, adui lazima umjue. Kila mtu avae jaketi la kuokolea akiwa botini, hata kama ni samaki. Asiyejua kuogelea halivui hata akiwa majini. Hakuna kuruka kutoka juu ya miamba. Hakuna kusogelea matete, huko kuna kichocho na mara nyingine mamba. Hakuna kuogea sabuni ziwani. Ulichokuja nacho, rudi nacho. Mchanga, mawe na samaki wa rangi wa miambani ni vya ziwa, viache. Na anayesema anajua kuogelea amwonyeshe Kilian kwanza: kutoka kwenye boti hadi Jiwe la Fisimaji, hatua arobaini hivi. Akifika anapewa kadi.

Hiyo ya mwisho ameitunga kwa ajili yangu. Otilia anasema ipo tangu miaka mitatu iliyopita. Basi Kilian ni mtu wa kujipanga mapema.

Lakini jaketi! Sikujua kuna kitu kizuri namna hii duniani. Nene, la rangi ya chungwa, linakukumbatia kifuani bila kukuuliza habari za godoro. Tulipofika kisiwani Kilian akasema tuvue. Nikamjibu mimi naonyesha mfano mwema kwa wageni. Nimekula nalo. Nimeosha masufuria nalo. Nimesinzia nalo. Jasho limenitoka mpaka kwenye nyayo. Walimu wa Songea wamenipiga picha.

Kilian akauliza Jiwe la Fisimaji litakuwa lini. Mungu akanifungulia. Nikamnong'oneza, kwa sauti ya kufika jikoni, kwamba siwezi kuvua shati na kubaki na bukta wakati mama mkwe yupo ufukweni. Desturi ni desturi. Mama Getrude akasikia. Akamwambia Otilia kwamba kumbe, pamoja na mambo ya godoro, adabu anayo.

Ushindi! Na wala haukuwa uongo. Ulikuwa ukweli uliokaa mahali pazuri.

Jumatatu, 5 Oktoba

Siku ya kuokota taka. Kilian kapewa upande wa mashariki wa kisiwa, mimi magharibi. Hakuna aliyesema ni mashindano. Hakukuwa na haja.

Kufika saa tano Kilian ana magunia matatu. Mimi: chupa mbili, kandambili ya mguu wa kushoto, na kamba. Huu upande wangu ni msafi kupita kiasi. Nashuku aliufagia jana.

Nikajitolea kwenda na boti ng'ambo kuchota maji ya kunywa. Nyuma ya jiko la mama mkwe kuna shimo la taka lenye kila kitu ambacho mshindani anaweza kuota. Nikajaza magunia manne. Nikayafunika kwa turubai. Nikavuka nayo. Nikayapanga upande wangu wa magharibi, nikajipangusa jasho ambalo lilikuwa la kweli kabisa.

Otilia aliyahesabu. Akaniangalia kidogo. Ni mara ya kwanza kuniangalia usoni tangu Agosti! Nikasahau hata Kilian.

Sikujua kwamba kamati huchambua taka, plastiki huku, vyuma kule. Mama mkwe alichambua mwenyewe. Akatoa beseni la bluu lenye ufa, ufa ulioshonwa kwa uzi wa nyavu. Ameushona yeye, Kwaresima ya mwaka jana. Akaligeuza. Akaligeuza tena. Akauliza beseni lake limevuka ziwa na nani.

Nikasema upepo wa mwera una nguvu sana msimu huu.

Alinyoosha kidole kwenye ubao, pale penye ulichokuja nacho, rudi nacho. Nimevuka jioni na magunia manne miguuni na beseni mapajani. Kilian alikuwa akipiga mluzi wa tenzi. Otilia aliangalia ng'ambo njia nzima.

Siku tatu, uongo mara mbili. Ila huu wa pili naona ulikuwa maelezo ya hali ya hewa.

Jumanne, 6 Oktoba

Siku kubwa! Naandika mikono ikiwa na malengelenge na moyo ukiwa mwepesi.

Wamekuja wageni kutoka Mbinga mjini: Bi Mwanakombo, mwenye duka la vitenge, na shoga zake sita. Wamevaa madera mazuri, wamekuja na sambusa ndoo nzima, na hakuna hata mmoja anayejua kuogelea. Majaketi wamevaa, lakini wimbi likija hata la kufika kifundoni wanakimbia wakipiga mayowe. Bi Mwanakombo akalalamika kwamba amefunga duka siku tatu kuja kuliangalia ziwa kama televisheni.

Nikapata wazo. Lilinijia zima, na miguu na mikono.

Ngolo! Kwetu Umatengoni mlima ni mkali, mvua ingeondoka na shamba zima. Kwa hiyo unalaza nyasi kwa mistari inayokatana, katikati unachimba, udongo unaufunika juu ya nyasi. Mwisho mlima mzima unakuwa mashimo na matuta kama sega la nyuki. Maji yanaingia shimoni na kutulia. Sasa, maji yakitulia mlimani, kwa nini yasitulie ufukweni? Kila mgeni na shimo lake, maji ya kiunoni akiwa amekaa, wimbi halimfikii, hakuna wa kuzama.

Nilichimba ngolo kumi na mbili, mistari mitatu ya nne nne. Niseme ukweli, ngolo ni kazi ya watu wawili. Mwanaume hulaza nyasi, mwanamke huchimba. Nimelaza nyasi miaka kumi na tano. Kuchimba nimeona tu, nikiwa nimeegemea mpini, Otilia akichimba. Sikujua kama kazi yenyewe iko huko. Baadhi ya mashimo yalizidi kina. La pili nililizidisha kwa makusudi, la kwangu binafsi, linanifika shingoni nikichutama. Hatimaye mtu anaweza kuoga ziwani bila mama mkwe kuona kitu zaidi ya kichwa.

Wageni walifurahi! Kila mmoja akakaa katika ngolo yake kama malkia, sambusa inapita kutoka shimo hadi shimo. Bi Mwanakombo akasema ameenda mpaka Unguja na hakuona akili kama hii. Otilia alitabasamu, akaficha kwa mkono. Kilian alikaa botini akisugua injini safi.

Mama mkwe akaja kukagua. Akakubali kwamba ni salama maadamu watu wamo ndani na mimi nipo. Lakini akasema shimo likiachwa ufukweni ni mguu uliovunjika unaomsubiri mwenye nao. Yafukiwe yote kumi na mbili kabla ya boti kuondoka. Nikasema sawa, Mama.

Nilianza, kweli nilianza. Nikafukia nusu ya moja. Mgongo ukakataa. Halafu nikafikiria: kesho wageni wengine watayataka, nichimbe upya? Nikachukua nyasi zilizobaki, nikazilaza juu ya mashimo vizuri kabisa, kazi ninayoijua, nikanyunyizia mchanga juu. Ukitazama kutoka kwenye boti ni ufukwe mtupu, kama mashuka yametandikwa.

Mama mkwe aliuliza kama nimefukia. Nikasema yamefunikwa, Mama. Neno nililichagua kwa uangalifu.

Jumatano, 7 Oktoba

Sina hakika kama naruhusiwa kuandika haya.

Asubuhi saa moja Kilian alitushusha kisiwani, mimi na mama mkwe tu, tuandae banda. Yeye akarudi Mbamba Bay kuwafuata Otilia na wageni. Mama mkwe akaanza kufagia bandani. Nikaona hapa ndipo pa kuoga mara moja kabla watu hawajaja. Nikavua shati, nikafunua nyasi, nikaingia katika ngolo yangu ya pili. Maji ya asubuhi, matamu!

Nikasikia hatua zinakuja kwenye mchanga. Nikachutama. Nikavuta nyasi juu ya kichwa. Hatua zikakaribia. Nilitaka kupiga kelele ya kumwonya. Nikakumbuka bukta. Nikasita kama mtu anayetafuta sarafu ya sadaka.

Kishindo. Kimya. Kisha sauti ya mama mkwe, karibu mno, ikimwita Yesu.

Ametumbukia katika ngolo ya tatu, jirani yangu. Kati yetu lilikuwepo tuta moja tu. Nikafikiria mtu mwenye adabu afanye nini. Nikasema, Shikamoo Mama.

Akaitika marahaba. Akauliza niko wapi. Nikasema niko hapa hapa. Akauliza hapa wapi. Nikasema shimo la pili. Akauliza kwa nini basi sitoki kumsaidia. Nikasema nina bukta.

Tukakaa. Yeye goti limemshtuka, hawezi kusimama. Mimi siwezi kutoka bila kuonwa, na nikitoka siwezi kumshika mkono. Tumepeana mgongo, tuta katikati, mama mkwe na mkwe, kila mtu na maji yake. Kule majini fisimaji mmoja alitoa kichwa, akatutazama, akazama tena.

Ndipo akauliza, taratibu, kama ni kweli najua kuogelea.

Mtu huwezi kusema uongo ukiwa shimoni. Nimejaribu, hautoki. Nikasema sijui, Mama. Akasema alijua tangu Jumapili, hakuna mwogeleaji anayesinzia na jaketi. Akaniuliza nini hasa namtakia mwanawe, maana Machi ikifika kuna ngolo za kuchimba na labda natafuta mchimbaji. Hilo liliniuma. Nikamwambia jembe nitalishika hata mimi. Nikamwambia nyumba imekuwa kubwa. Napika ugali wa watu wawili, nakula wote, halafu nakaa pale nimeshiba na sina wa kumwambia nimeshiba. Mtoto wetu Stephano yuko bwenini Kigonsera, akiandika barua anamuulizia mama yake, na mimi namjibu kwamba mama yuko likizo. Ninachotaka ni yule anayenicheka nikilaza nyasi upande. Hapo sauti ilinikatika. Nikasingizia maji.

Nikamsikia Mama Getrude akijisogeza kwenye maji. Kisha akasema, “Haya baba, tutoke kwanza.”

Mpango ulikuwa wake, naomba ieleweke. Yeye alijifunika khanga kichwani, macho yote, asione bukta. Mimi nikatoka, nikachukua kasia, nikamnyooshea ncha. Akaishika. Nikamvuta kama mtumbwi. Akatoka! Hatukugusana hata ukucha. Heshima imebaki palepale.

Nikaanza kumwongoza kwa kasia kuelekea bandani, yeye khanga usoni, akinifuata hatua kwa hatua. Nilikuwa najivunia sana. Nikasahau ya saba.

Kutoka katika ya saba alitoka mwenyewe, kwa hasira.

Mlio wa boti ukasikika. Nikakimbilia shati. Alinipa masharti upesi upesi akikamua khanga. Kilian asijue, maana mwenyekiti wa kamati ya ufukwe hatumbukii shimoni katika ufukwe aliousema ni salama. Nikafukie mashimo yote, na safari hii yafukiwe, yasifunikwe. Na kabla ya Jumamosi nimwambie Otilia ukweli kuhusu kuogelea kwa mdomo wangu mwenyewe.

Otilia alipouliza goti limefanya nini, mama mkwe alisema alikanyaga vibaya. Ni kweli tupu! Hakuna neno la uongo humo! Miaka yote hii najiona fundi, kumbe nilikuwa sijafika kwa mwalimu.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimefukia kumi na mbili. Kwa mkono, kwa koleo, kwa beseni la bluu ambalo limerudi kisiwani kihalali. Mama mkwe alikaa kwenye kiti, goti juu ya ndoo, akihesabu. Kila nililomaliza alinituma nirukeruke juu yake. Bi Mwanakombo na shoga zake walirudi leo na wakauliza mashimo yao yako wapi. Mama mkwe akasema yamestaafu.

Kumwambia Otilia ukweli: nimeanza. Nilimwambia kuhusu kuogelea nimesahau kidogo. Ni hatua. Kilian akajitolea kunikumbusha, kwa furaha iliyopitiliza. Mama mkwe akageuza kiti chake kuelekea milimani, na Bi Mwanakombo na wenzake, wao na majaketi yao, wakaja kujifunza pamoja nami. Tulikaa kwenye maji ya kiunoni, mbali na matete, tukipuliza mapovu. Kilian anasema usiyapige maji, yaamini. Mimi maji nayajua tangu yale ya godoro.

Bi Mwanakombo kufika saa tisa anaelea chali, dera limetanda kote, anaimba. Mimi nilikunywa ziwa kiasi cha kupunguza kina.

Lakini Otilia alicheka. Alikaa kwenye jiwe akianika usipa, dagaa wa huku ziwani, akacheka mpaka akashika mbavu. Sauti ile ile. Niliinuka, nikaanguka tena makusudi, akacheka tena. Ningeweza kuzama hapo na nisijute. Baadaye akasema kwamba kama nitafika Jumamosi bila ujanja mwingine, begi lake liko tayari. Bado siku mbili tu!

Kilian naye akasema mbele yake kwamba Jiwe la Fisimaji ni kesho, nikitaka. Kama naogopa, hakuna shida, kila mtu na kipaji chake, kuna watu ni wa mlimani.

Wa mlimani. Alisema hivyo.

Ijumaa, 9 Oktoba

Ilikuwa hivi. Nina shati la kitenge la sikukuu ya parokia, lilishonwa kwa makadirio, mimi na mtu mwingine tungeingia. Nikavaa jaketi. Juu yake nikavaa shati, nikafunga vifungo mpaka kooni. Nikamwambia Kilian nitaogelea na shati kwa sababu ya mama mkwe. Kilian akaniangalia kifua, akasema naona ugali wa muhogo umenikubali.

Nikashuka kutoka kwenye boti. Nikaelea! Watu wote wakaona! Nikapiga mkono mmoja, nikapiga mwingine. Otilia alisimama juu ya jiwe, mkono mdomoni. Jiwe la Fisimaji likaja, likaja, likafika.

Likapita.

Kuelea na kuogelea kumbe ni fani mbili. Upepo wa mwera, ambao niliusingizia Jumatatu, ulikuwa umekumbuka. Ulilishika shati langu kama tanga. Nililipungia jiwe mkono, ili ionekane ni mpango. Kisha ufukwe ukawa mdogo. Kisha Otilia akawa mdogo, na yeye alikuwa anakimbia kando ya maji akiita “Baba Stephano! Baba Stephano!” kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Hapo sikuona mchezo tena. Niliogopa, tena niliogopa sana. Siyo kufa. Niliogopa kwamba atabaki na begi lililofungwa.

Kilian alifika na boti. Hakutania, hilo nimshukuru. Alizima injini upande wa mbali, akanirushia kamba, akanivuta kwa kifungo cha shati. Kifungo kikakatika. Shati likafunguka. Rangi ya chungwa ikaonekana mpaka Liuli.

Ufukweni nilimwambia Otilia yote, nikidondoka maji: sijui kuogelea, sikuwahi kujua, taka zilitoka nyuma ya jiko, mashimo niliyafunika. Shimo la tatu na la saba sikuyataja, hayo si ya kwangu peke yangu. Otilia akasema kuhusu kuogelea anajua tangu mwaka tuliooana, siku tulipovuka mto wa Matiri na nikamshika yeye mkono huku nikidai ninamvusha. Alikuwa anasubiri tu aone nitafika wapi. Hakutarajia kama ningefika katikati ya ziwa.

Wote tukamgeukia mama mkwe. Kiapo kimevunjika vipande, kila mtu anaona. Alikaa kitambo akisugua goti. Akasema katika uongo wangu wote wa wiki hii, huu wa leo ndio wa kwanza kufuata kanuni: mtu asiyejua kuogelea amebaki na jaketi majini. Ningekuwa na akili ya kutaka kadi bila jaketi, leo wangekuwa wananitafutia sanda. Kisha akasema Otilia si mtoto, aamue mwenyewe.

Otilia alinifungua mikanda ya jaketi, mmoja mmoja. Akauliza basi la kesho linaondoka saa ngapi.

Nililia. Safari hii sikusingizia maji.

Jumamosi, 10 Oktoba

Nyumbani Matiri! Otilia yupo! Mama mkwe naye yupo.

Hilo halikuwa kwenye makubaliano. Asubuhi tulimkuta ameshakaa kiti cha mbele cha basi, begi miguuni, beseni la bluu mapajani. Alisema anataka kuziona ngolo za kweli, zile zisizomeza watu, na atakaa mwezi mmoja hivi goti lipone. Kilian alitusindikiza mpaka stendi. Alinipa zawadi mkononi, kadi ya Jiwe la Fisimaji. Kwenye nafasi ya kuandika jinsi mtu alivyofika ameandika: alipitiliza. Nitaitia kwenye fremu.

Sasa, kuna jambo dogo. Njiani niliona Otilia anageuka kulitazama ziwa mpaka lilipofichwa na mlima. Hataki kuniambia, lakini atalikumbuka. Mtu akikumbuka sana hufunga begi. Kwa hiyo nina mpango. Nyuma ya nyumba nitachimba ngolo moja kubwa, nitaijaza maji, na kandokando nitamwaga mchanga mweupe. Ufukwe wa Matiri! Otilia hataondoka tena kamwe.

Mchanga ninao. Viroba viwili, nilivijaza jana wakati wengine wanakunja turubai. Najua ubao unasemaje, lakini ubao unasema mchanga ni wa ziwa, na mimi naupeleka kwa ziwa lingine. Mama mkwe aliuliza kwenye basi viroba vina nini. Nikasema unga wa muhogo. Akasema vizuri, kesho tutasonga.

Shida moja tu. Niliuchota karibu na maji, umelowa, na tayari unanuka kidogo kama usipa. Ukibaki kwenye kiroba utavunda kabla sijamaliza kuchimba. Wingu limekaa juu ya mlima toka mchana. Unahitaji mahali pakavu, pana, palipoinuka kutoka sakafuni. Otilia na mama yake wamekwenda kusalimia majirani, hawatarudi kabla ya saa moja.

Godoro jipya liko chumbani. Ila safari hii sitalitoa nailoni. Nani alisema mimi huwa sijifunzi?